Asante mama wa Osogbo, popote ulipo

Mama yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Ni mimi yule Mtanzania uliyemkuta huko Osogbo, Nigeria, kando ya lango la msitu mtakatifu wa Osun, mungu wa kike wa mto kwa Wayoruba, siku ya tamasha lake la Agosti, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna kitu.

Umati ulipoanza kusukumana kumpisha Arugba, binti mbeba sadaka, mimi nikaenda chini. Ulinishika kiwiko ukaninyanyua kama mtoto, ukanivuta hadi nyuma ya meza ya muuza madumu. Bangili zako za shaba zililia karibu na sikio langu. Kisha ukaninong'oneza kwa Kiingereza cha kuungaunga: huyo binti aliyefunikwa kitambaa, mwenye kibuyu cha sadaka kichwani, ni bikira, na mji mzima unaomba asijikwae mpaka afike mtoni. Nikajiangalia mimi niliyekwisha anguka, tukacheka wote wawili.

Nilikuwa nimesoma kwamba msitu ule uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2005. Lakini kusimama pale na kusikia maelfu wakiitikia “Ore Yeye Osun!” ni habari nyingine kabisa.

Mimi si wa dini hiyo, nawe ulijua, wala hukunisukumia maji ya mto ninywe. Ulijaza chupa yako, ukanivalisha kandambili za mwanao, ukapotelea kwenye watu waliovaa nyeupe.

Asante sana, mama. Ẹ ṣé. Kandambili bado ninazo, zinanibana kidogo.