Akaunti ya chuo isibaki stesheneri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wazazi na vijana wa kidato cha sita. Matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, yakishatoka mwezi Julai, stesheneri za Mwenge, Ubungo na Mbagala Rangi Tatu hufurika vijana wanaofungua akaunti za kuomba chuo mtandaoni. Mwanafunzi anataja namba yake ya mtihani, kijana wa kompyuta anachapa, na panapotakiwa simu na baruapepe anajaza za kwake ili kazi iende. Neno la siri nalo analitunga yeye, mara nyingi lile lile kwa wateja wote. Foleni inasogea. Nafasi ya chuo huanza kupotelea hapo, hata kama mtoto ana A tatu.

Tangu 2017 maombi ya shahada hayapitii tena mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kila chuo kinaombwa chenyewe. Kwa hiyo mtu aliyeomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani), Ardhi na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, anaweza kuchaguliwa vyote vitatu, na hapo anatakiwa athibitishe kimoja tu, ndani ya siku chache zinazotangazwa, kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu aliyoandikisha. Ujumbe huo unaingia kwenye simu ya kijana wa stesheneri. Naye ameshahudumia makumi ya watu, hamkumbuki Neema wala Hamisi. Namba hiyo inaweza kuombwa tena, lakini inaombwa ukiwa ndani ya akaunti, na funguo ya akaunti anayo yeye.

Wengine wakati huo wako makambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, simu hawana. Basi namba iwe ya mzazi au mlezi, laini inayotumika kila siku, si ile ya ofa iliyolala kabatini ambayo kampuni itaifunga. Baruapepe ifunguliwe kwa jina la mwanafunzi, na neno la siri liandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani. Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja matokeo. Yote yanawezekana Aprili, kabla ya mtihani wa Mei.

Majina nayo yatazamwe mapema. Mfumo wa chuo unavuta jina na alama kutoka NECTA kwa kutumia namba ya mtihani, kwa hiyo jina litakuja kama shule ilivyolisajili. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuwa na Salum, NECTA wakawa na Salumu, au jina la babu likawa limekatwa likabaki herufi moja. Weka cheti cha kuzaliwa na matokeo ya kidato cha nne mezani, soma herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hutolewa maelezo kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili, naye achague moja ya kuongoza maombi yote, kwa sababu Bodi ya Mikopo inataka namba ile ile uliyoombea chuo. Ukiomba chuo kwa namba ya kwanza na mkopo kwa ya pili, huku utaonekana umedahiliwa na kule hujulikani.

Sasa pointi, ambako watu wengi hujidanganya. Kwa vyuo vikuu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S ni nusu pointi na si prinsipo, yaani ufaulu kamili wa somo, A hadi E. Kiwango cha chini ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, kwenye masomo mawili yanayotakiwa na kozi. Ni mawili, si matatu. Mwenye D, E na E hujumlisha akapata 4 akafurahi. Masomo yake mawili ya juu yana 3, na mfumo utamkataa. Somo la General Studies, GS, halimo kwenye hesabu hii. Kozi nyingine zina masharti ya ndani zaidi. Udaktari wa binadamu unataka fizikia, kemia na baiolojia, jumla isipungue 6, na kila somo lisiwe chini ya D. Mwanafunzi wa PCB, mchepuo wa masomo hayo matatu, mwenye B ya baiolojia, C ya kemia na E ya fizikia ana pointi 8, lakini mlango huo umefungwa kwa ile E. Atalipa ada ya maombi bure, na mbaya zaidi atakuwa amechoma chaguo la kwanza.

Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa kila mwaka, na uko wa wahitimu wa kidato cha sita na wa wenye stashahada. Usome wa mwaka huu, si PDF ya kaka yako. Usiishie kwenye safu ya sifa; tazama pia idadi ya nafasi. Kuwa na sifa kunakuruhusu kushindana tu. Ukijaza machaguo yote kwa kozi zinazogombewa na kila mtu, awamu ya kwanza itakupita, na awamu ya pili unakuta zimebaki nafasi ambazo wengine hawakuzitaka. Weka moja unayoitamani, mbili unazozimudu, na moja ambayo alama zako zinaipita kwa mbali.

Ada ya maombi vyuo vingi ni shilingi 10,000. Kwa vyuo vya umma hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Anayekuambia umtumie pesa kwenye simu yake ili “akulipie” mwache. Malipo yakishasoma, rudi ndani ya akaunti ukamilishe, maana kulipa peke yake si kutuma. Maombi mengi hukwama yakiwa yamehifadhiwa tu, mwenyewe akidhani yamefika. Usitoke kwenye kiti kabla hujaona yameandikwa yamepokelewa, kisha chapa ukurasa huo. Na siku ya mwisho jioni si siku ya kuanza. Mtandao huelemewa na malipo huchelewa kusoma.

Mkopo usingoje majina ya waliochaguliwa, kwa sababu dirisha lake lina tarehe zake. Ada ni shilingi 30,000 na hairudishwi. Kabla ya fomu, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa mtandao na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Aliyezaliwa Zanzibar anahakikiwa na wakala wa huko, ZCSRA. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Uhakiki huchukua siku kadhaa, na cheti cha zamani cha kuandikwa kwa mkono kinaweza kuchukua zaidi. Fomu ikichapwa hutiwa sahihi na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa na wakili, kisha kurasa hizo hupandishwa tena kwenye mfumo. Muhuri wa mtaa ukiwa umefifia, au ukurasa umepigwa picha kwa simu chini ya taa ya duka ukatoka na kivuli juu ya sahihi, fomu itahesabiwa haijakamilika. Tumia skana, kisha fungua faili lenyewe ulisome kabla hujalituma.

Wakuu wa shule, hasa za bweni, watenge alasiri moja ya Aprili kwenye chumba cha kompyuta: kila mwanafunzi afungue baruapepe yake, alinganishe majina, apeleke nyumbani karatasi yenye namba zake za mtihani. Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya kwa simu tatu za walimu.

Mwalimu wa kidato cha sita,
Tabata, Dar es Salaam