Malalamiko kuhusu ripoti zenu za msimbo uliopitiwa na majaribio

Watunzaji wa kifurushi cha kupwa na kujaa,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: ASILIMIA ZISIZO SAHIHI KATIKA RIPOTI ZENU

Tunaandika kulalamikia huduma yenu ya mtandaoni inayoonyesha ni mistari mingapi ya msimbo imepitiwa na majaribio. Tunailipia kila mwezi, na nambari inazotoa si za kutegemewa: mara ziko chini ya ukweli, mara ziko juu yake. Tulipolifikisha jambo hili kwa dawati lenu la msaada, tuliambiwa tuongeze majaribio. Majaribio yapo. Kinachokosewa ni hesabu, na hapa tunaeleza wapi na kwa nini, ili wahandisi wenu walione kosa lenyewe kwenye kompyuta zao.

Kifurushi chetu kimeandikwa kwa Python na kinapimwa kwa coverage.py, programu inayorekodi mistari iliyopitiwa na majaribio. Hukokotoa saa za maji kujaa na kupwa katika pwani ya Malindi na Watamu, pamoja na siku za bamvua na maji mafu. Kazi ya kwanza kwenye seva hujaribu msimbo ulio katika folda ya `src/kupwa`. Ya pili hujenga kifurushi, hukisakinisha katika mazingira mapya, kisha hujaribu `hesabu.py` peke yake, kuhakikisha kwamba jedwali la data limesafiri ndani ya kifurushi wala halikuachwa nyuma. Kwa yeyote anayetoa vifurushi, huu ni mpangilio wa kawaida kabisa.

Kila kazi hutoa ripoti yake katika faili ya XML. Fungueni ile ya kazi ya kwanza. Juu kabisa imeandikwa `lines-valid="1240"` (mistari yote) na `lines-covered="1091"` (iliyopitiwa), yaani asilimia 88.0. Ukurasa wenu, kwa msimbo uleule, unaonyesha mistari 1,650 na asilimia 76.1. Mistari 410 ya ziada ni ya `hesabu.py`, ambayo katika orodha yenu imo mara mbili: mara moja kama `hesabu.py`, mara ya pili kama `site-packages/kupwa/hesabu.py`, yaani nakala iliyosakinishwa. Kazi ya pili ilipitia mistari 164 kati ya hiyo 410, na yote ilikuwa imeshapitiwa na kazi ya kwanza. Mmejumlisha 1,091 na 164 mkapata 1,255, kisha mkagawanya kwa 1,650. Matokeo ni 76.1 hasa, kwa hiyo hatubahatishi.

Chanzo kinajulikana. Ndani ya XML mna kipengele cha `source` kinachotaja folda ya msingi, na jina la kila faili huandikwa kuanzia hapo. Programu yenu haikisomi. Ikishakiruka, haina tena njia ya kujua kwamba majina mawili ni ya faili moja. Na ripoti mbili za faili moja hazijumlishwi. Huunganishwa mstari kwa mstari, na mstari uliopitiwa na kazi yoyote huhesabiwa kuwa umepitiwa, mara moja tu.

Upande wetu tumefanya linalowezekana. Tumeweka `relative_files = true`, tumeorodhesha `src/kupwa` na `*/site-packages/kupwa` katika sehemu ya `paths` ya mipangilio ya coverage.py ili zihesabiwe kuwa folda moja, na kazi zote zikimalizika tunaendesha `coverage combine` kuunganisha data, kisha `coverage xml` kuandika ripoti. (Mkizifuata hatua hizi, angalieni kwamba majina ya faili za data huanza na nukta. Huduma nyingine za kuhifadhi matokeo huruka faili zilizofichwa, na hapo hakutakuwa na cha kuunganisha.) Ripoti inayotoka ina mistari 1,240, kama inavyotakiwa. Lakini kipakiaji chenu, yaani programu inayowatumia ripoti kutoka kwenye seva yetu, hakiishii kwenye faili tuliyokitajia. Hupekua folda nzima na kubeba kila faili yenye jina linalofanana na ripoti, zikiwemo zile mbili za awali, na nambari hurudi 76.1. Tukizifuta kabla ya kupakia, husimama 88.0. Kufuta huko sasa kumekuwa hatua ya kudumu katika kazi zetu, na haikufaa kuwa mzigo wa mteja.

La pili ni haraka yenu ya kutoa hukumu. Windows haina hifadhidata ya majira ya saa ambayo moduli ya `zoneinfo` inaweza kuisoma, kwa hiyo tuna mistari inayokitafuta `tzdata`, kifurushi chenye data hiyo, na mistari hiyo hupitiwa kwenye Windows pekee. Kazi ya majaribio kwenye Windows huchelewa kuliko ya Linux. Nyinyi hutundika alama nyekundu kwenye mabadiliko yaliyoletwa punde ripoti ya kwanza inapofika, kana kwamba ambayo bado haijafika imeshasema sifuri. Alama ikija kugeuka kijani baadaye, anayeleta mabadiliko yake ya kwanza ameshaambiwa kwamba ameharibu, na wapo walioyaondoa mabadiliko mazuri kwa sababu hiyo.

La tatu ndilo linalotutia hofu zaidi, maana hapa ripoti inasifu kisichostahili. Tazameni msimbo huu, unaobadilisha saa ya mfumo wa saa 24 kuwa saa ya Kiswahili:

```
def saa_ya_kiswahili(h):
    saa = (h + 6) % 12
    if saa == 0:
        saa = 12
    return saa
```

Jaribio likitumia `h = 6` pekee, kila mstari hupitiwa. Lakini njia ya pili, ambapo sharti si kweli, haijaguswa, na hiyo ndiyo njia ya saa nyingine zote za asubuhi na mchana. Tukiwa tumewasha `branch = true`, mpangilio wa kupima kila njia ya sharti, XML inausema ukweli huu waziwazi: kwenye mstari wa sharti, `condition-coverage` ni asilimia 50. Ukurasa wenu unaupaka mstari huo kijani kibichi. Kwa hesabu za maji si jambo dogo. Wimbi kuu la mwezi hurudi kila baada ya saa 12.42, kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6.2. Kosa la saa 6 katika kubadilisha saa humwonyesha mvuvi maji yamejaa wakati yamekupwa, na chombo kikakwama mwambani.

Tunataka yafuatayo. Programu yenu isome `source` na iunganishe ripoti mstari kwa mstari. Kipakiaji kibebe faili iliyotajwa tu, na kupekua kuwe kwa hiari ya mteja. Pawepo mahali pa kuandika idadi ya ripoti zinazosubiriwa, na kabla hazijatimia alama iseme “inasubiri”. Sharti lililopitiwa nusu lionyeshwe kwa rangi yake. Zaidi ya hayo, kila ukurasa uorodheshe faili zilizopokelewa, ukubwa wake na idadi ya mistari. Orodha hiyo peke yake ingetufichulia kosa hili siku ya kwanza.

Ripoti zetu za nyuma zikokotolewe upya, na ada ya miezi ambayo nambari zilikuwa na kasoro irudishwe. Tunaambatanisha faili zote tatu za XML, faili ya mipangilio na kumbukumbu za kipakiaji. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, kutoka kwa mhandisi aliyezifungua faili hizo. Lisipokuja, tutasitisha malipo na kuhamisha ripoti zetu kwingine.

Wenu,
Watunzaji wa kifurushi,
Malindi.