Robo Dola Yako Imekuwa Nyekundu? Ipime Kabla ya Kuisugua

Bahasha nyingi zinazotufikia sisi wakaguzi wa sarafu huwa na swali moja. Ndani mna robo dola ya Marekani iliyogeuka rangi ya tofali, na mwenyewe anataka kujua kama ndiyo ile ya shaba tupu iliyokosewa kiwandani, ile ambayo wakusanyaji huigombania. Mara nyingi jibu letu huvunja moyo: ni sarafu ya kawaida tu, iliyolala ardhini muda mrefu.

Ishike kwa vidole viwili uangalie ukingo wake. Ule mstari mwekundu unaoizunguka ndio kiini chake, shaba tupu. Hadi mwaka 1964 robo dola na senti 10 zilipigwa kwa madini ya fedha. Sheria ya 1965 ndiyo iliyoleta muundo huu wa tabaka tatu, shaba katikati na ngozi nyeupe juu na chini. Watu huiita ngozi hiyo nikeli, na hapo ndipo wanapopotea. Nikeli ni asilimia 25 tu. Iliyobaki, asilimia 75, ni shaba iliyofichwa rangi yake. Ukijumlisha ngozi na kiini, karibu asilimia 92 ya sarafu nzima ni shaba. Basi usishangae ikizeeka kama shaba.

Udongo mbichi wenye chumvi, mbolea au tindikali huanza kuula uso taratibu. Shaba ikishikana na oksijeni hutoa utando wa wekundu wa kahawia, na huo ndio unaowadanganya wengi. Ikikutana na salfa huwa nyeusi. Kijani nacho hutokana na chumvi za shaba, na kikiwa cha unga unga ujue sarafu bado inaliwa. Wala si lazima ifukiwe. Mpira wa kufungia noti una salfa, jasho la vidole lina chumvi, na zile karatasi laini za plastiki ya PVC za kuhifadhia sarafu zikichakaa hutoa tindikali na kuacha ute wa kijani unaonata. Sarafu iliyopita motoni nayo hutoka na rangi za ajabu, nyingine nzuri kuliko ilivyokuwa mpya, lakini hilo haliipandishi thamani.

Sasa utajuaje kama yako imebadilika rangi tu, au kweli imekosa ngozi? Tafuta mizani ya kupimia dhahabu, inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Robo dola nzima ina gramu 5.67. Ngozi za pande mbili kwa pamoja ni theluthi moja ya uzito huo, kwa hiyo kila upande unabeba sudusi, yaani kama gramu 0.95. Iliyokosa ngozi upande mmoja itasoma karibu na 4.7, na itakuwa nyekundu upande huohuo tu, mwingine mweupe. Iliyokosa zote mbili itashuka hadi 3.8 hivi. Kama yako ni nyekundu kote na mizani inasema 5.6, mjadala umekwisha. Iliyoliwa sana inaweza kupungua kidogo zaidi, lakini hiyo utaijua kwa lenzi: uso una vishimo kama ngozi ya chungwa, hata ndani ya herufi.

Senti 1 ni kesi nyingine kabisa. Tangu 1982 ndani yake ni zinki, na shaba ni ganda jembamba la asilimia 2.5. Ganda likikwaruzwa, unyevu hupenya na zinki huoza haraka. Ndiyo maana zinatoka ardhini zimevimba malengelenge au zimetafunwa ukingoni. Hizo hatuzitibu.

Kuhusu kusafisha, tunaomba jambo moja: usisugue. Siki, dawa ya meno, baking soda, vyote tumeviona, na vyote huacha mikwaruzo isiyofutika. Ute wa PVC huondoka kwa asetoni safi bila kuigusa metali, nasi hufanya hivyo mteja akiridhia. Wekundu wa ardhini hauondoki bila kuondoa na uso wa sarafu. Kwa hiyo itume na udongo wake, ndani ya karatasi kavu, pamoja na uzito ulioupata. Ikisoma chini ya gramu 5, tuandikie kwanza kabla ya kuiweka kwenye posta.