Mashine ya mkononi haipimi presha ya mapafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wenzangu, na zaidi wahudumu wa afya wa huku kwetu Dodoma, juu ya presha ya mapafu. Kila Mei 17, Siku ya Presha Duniani, watu hupanga foleni kupimwa mkononi, na ni jambo jema. Siku ya presha ya mapafu ni Mei 5. Hiyo hupita kimya.

Nimeujua ugonjwa huu kwa dada yangu. Tangu usichana wake anapika pombe ya mtama, na chumba chake cha kupikia kilikuwa tembe ya zamani: paa la udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna, kuni nazo mara nyingi mbichi. Alianza kwa kuhema akibeba ndoo ya maji. Baadaye hata kufagia uwanja hakumalizi bila kukaa. Zahanati walimpima presha, wakamwambia iko sawa. Safari nyingine akapewa dawa ya pumu. Miguu ikavimba, na siku moja akazimia kisimani. Hapo ndipo daktari mmoja mjini alipoagiza eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na tatizo likaonekana.

Alitueleza hivi. Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu mwili mzima, na msukumo huo ndio unaosomwa mkononi. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni tu, tena kwa nguvu ndogo: wastani wake kwa mtu mzima mwenye afya akiwa amepumzika ni kama milimita 14 za zebaki. Wastani huo ukizidi 20, hiyo ni presha ya mapafu. Eko huukadiria, uhakika hupatikana kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi huku moyo wake wa kulia unachoka.

Ni nani wa kuogopa? Kwanza wanaoishi na moshi. Moshi wa kuni, kama wa sigara, huharibu mapafu polepole, hewa ya oksijeni ikapungua, mishipa ya mapafu ikajikaza na kuwa minene. Huku kwetu hao ni mama zetu na dada zetu. Wapo pia waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu mapafuni, na wanaoponda kokoto au kuchimba madini wakivuta vumbi la mawe. Dunia nzima, chanzo kikubwa kuliko vyote ni moyo wa kushoto uliodhoofika, mara nyingi kwa presha ile ya kawaida isiyotibiwa. Na mtoto mwenye mafindofindo asipuuzwe: baadhi yao hupata homa ya baridi yabisi, valvu ya moyo ikasinyaa, damu ikarundikana mapafuni.

Kuna pia VVU, selimundu, tundu la moyo la kuzaliwa nalo, kichocho cha tumbo kilichokwisha kuharibu ini, na damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni. Hii ya mwisho wengine hufanyiwa upasuaji wakapata nafuu kubwa, ndiyo maana chanzo lazima kitafutwe. Nimesikia watu wakisingizia mwinuko wa Dodoma. Mwinuko unaotajwa kuleta ugonjwa huu ni wa zaidi ya mita 2,500; sisi tuko kwenye 1,100 hivi.

Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mpika pombe anayechemsha pipa kutwa nzima hawezi kulichemsha kwa mtungi mdogo wa gesi. Huyu anahitaji jiko sanifu lenye bomba la kutolea moshi, na naomba halmashauri zetu zimhesabu naye.

Kwa wahudumu wa zahanati: mtu akija anahema, na presha ya mkononi ikawa nzuri, tafadhali msimrudishe nyumbani. Mwekeni kile kifaa cha kubana kidoleni muone oksijeni yake. Mtazameni miguu. Mwulizeni anapikia wapi, kama amewahi kuugua TB, kama kuna ndugu wa damu aliyekuwa na shida kama hii ya kuhema. Akiwa mwanamke wa umri wa kuzaa, fanyeni haraka zaidi, maana mimba juu ya ugonjwa huu huweza kumuua. Kisha mpeni rufaa akapimwe eko.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma