Shukrani kwa mzee wa mtama, Ngamiani

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jina sikukuuliza, na hela ya soda uliikataa ukapanda baiskeli yako kuelekea Chumbageni. Ni yule binti aliyekuwa ananunua mtama wa kasuku tuliyemwokoa mdomoni mwa paka, ambaye kila akiona mtu alijibamiza kwenye nyaya za tundu.

Ulinikataza kumshika. Ukasema kwake mkono unaotokea juu ni mwewe, na macho yanayomkazia ni ya mwindaji. Basi tundu nikalisogeza ukutani, nusu nikalifunika khanga, nikawa nakaa chini nimempa ubavu, nachambua mchele wangu kimya. Jua likizama namfunika kabisa alale hadi alfajiri. Majirani walicheka, eti nimepata mkwe.

La parachichi ndilo lililonitisha. Nyumba yetu haikosi parachichi, nani angejua kuwa kwa kasuku ni sumu? Na moshi, mapafu ya ndege hayauwezi kabisa, kwa hiyo jiko la mkaa limehamia uani, mama apende asipende.

Sasa anachukua ulezi kiganjani mwangu, na anampigia mluzi kila anayebisha hodi. Kupanda kidoleni bado hataki. Sina haraka, ulishaniambia yeye ndiye atakayechagua siku.

Ahsante sana, mzee. Ukipita tena sokoni, muulize muuza nazi wa pale pembeni, atakuelekeza kwetu. Chai na mahamri vipo, na hiyo soda safari hii huikatai.