Tusingoje tuzo za ughaibuni ndipo tuambiane tunachokisoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe ombi moja, nalo ni kwamba gazeti litenge sehemu ndogo, hata mara moja kwa wiki, ambamo wasomaji wa kawaida wataelezana ni kitabu gani wanakisoma wakati huo, wamefika wapi na kimewanasa kwa lipi. Uhakiki wa vitabu vipya mnauchapisha kila mara, na habari za uzinduzi hazikosekani, ingawa hizo aghalabu hutueleza kwa kirefu mgeni rasmi alikuwa nani na kutuacha hatujui kitabu chenyewe kinasimulia nini.

Nianze mimi mwenyewe. Hivi sasa nipo katikati ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Mhusika wake mkuu ni Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye baba yake ana hoteli katika mji wa Kawa, mji ulioneemeka Wajerumani walipoufanya kituo cha ujenzi wa reli, lakini ambao sasa treni husimama kuchukua kuni na maji tu. Tajiri Aziz, ambaye mtoto huyu amelelewa akimjua kuwa ni jamaa yake, huja kuwatembelea mara kwa mara, na kila anapoondoka humwachia sarafu ya anna kumi. Ni nani kati yetu ambaye utotoni hakuutazama kwa hamu mkono wa mgeni anayeaga? Kwa hiyo siku Yusuf anapopandishwa treni afuatane na tajiri huyo hadi pwani, msomaji naye huiona kuwa safari ya heri, mpaka pale Khalil, kijana aliyemtangulia kufanya kazi katika duka la tajiri, anapomweleza waziwazi kwamba mtu yule si jamaa yake hata chembe, na kwamba yeye Yusuf yuko pale kwa sababu ya deni la baba yake. Kwa maneno mengine, mtoto amewekwa rehani. Nilipofika hapo nilirudi kurasa za mwanzo kuzitazama upya zile sarafu, kwa maana sikuwa tena na hakika zilikuwa zawadi ya nani kwa nani.

Habari hii nilimsimulia mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, ambaye hakuwa amekiona kitabu hicho, na hapo hapo ukazuka ubishi. Yeye alishikilia kwamba baba hana lawama, kwa kuwa mtu aliyefungwa na deni la tajiri hana tena sauti juu ya chochote kilichomo nyumbani mwake. Mimi nikasema umaskini unaweza kumlazimisha mzazi amtoe mtoto, lakini haumlazimishi amfiche ukweli. Hatukukubaliana, na hadi leo hatujakubaliana, ila ameniwekea ahadi kwamba nikimaliza kitabu kiende kwake kabla ya mtu mwingine yeyote. Sidhani kuna tangazo la biashara ambalo lingemfikisha huko.

Ikumbukwe kwamba riwaya hii ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huo huo. Mwandishi wake alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, na misafara, maduka na bustani anazozieleza ni za pwani yetu na bara yetu. Hata hivyo, wengi wetu jina lake tulilisikia kwa mara ya kwanza Oktoba 2021, Stockholm ilipomtangaza kuwa mshindi wa Nobel. Siwalaumu wachapishaji, maana kutafsiri na kuchapa ni gharama, na mchapishaji hawezi kutumbukiza fedha mahali asipoona wasomaji. Lakini bila shaka walikuwapo miongoni mwetu waliokwisha kukisoma na kukipenda, na hawakuwa na mahali pa kutuambia.

Sababu nyingine ya ukimya huu, kwa maoni yangu, ni namna tulivyofundishwa. Ukifungua riwaya ndani ya daladala, abiria wa pembeni atakuuliza unasoma chuo gani au una mtihani lini. Na ukimwomba mtu mzima akueleze kitabu alichokipenda, ataanza na dhamira kuu, ashuke kwenye matumizi ya lugha na amalizie na kufaulu kwa mwandishi, kana kwamba msimamizi wa mtihani amesimama mlangoni. Siyadharau hayo, yana mahali pake, ila hayajawahi kumfanya mtu aazime kitabu.

Riwaya za Elvis Musiba hazikuhitaji utaratibu huo. Kufa na Kupona ilipotoka mwaka 1974, Willy Gamba, mpelelezi ambaye ndiye shujaa wake, alitembea kwa miguu ya wasomaji wenyewe, kitabu kikizunguka mkono kwa mkono, na aliyekimaliza akiwa na wajibu wa kuwahimiza wenzake bila kuwamalizia utamu. Wala ombi langu si geni kwa magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi kuulizana na kujibizana, na kurasa za mashairi zimeendelea na ada hiyo miaka mingi baadaye. Kama beti zilipata mahali pa kujibizana, hadithi nazo zinastahili.

Sehemu hiyo isihitaji mengi: jina la kitabu, mwandishi na mchapishaji, aya moja au mbili za msomaji, na zaidi ya yote, alikipata wapi. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu sisi tuliopo mikoani mara nyingi tunaarifiwa kitabu ni kizuri, kisha tunazunguka maduka yanayouza madaftari na vitabu vya kiada bila kukipata. Msomaji akiandika kwamba alikikuta kwa wauza vitabu vya mitumba, au kwamba maktaba ya mkoa wake inayo nakala, atakuwa ametusaidia kuliko kurasa tatu za sifa. Vitabu vikongwe navyo viruhusiwe, kwa kuwa kitabu kisichowahi kusomwa na mtu ni kipya kwake.

Kwa upande wangu, nikishamkabidhi mzee Peponi yake nitarudi kuitafuta Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ambayo kila duka nililoingia hapa Morogoro wananijibu kuwa hawana. Mwenye kujua inakopatikana, naomba atuarifu kupitia ukurasa huu.

Msomaji wenu,
Morogoro