Barua kwa mwanangu: nusu ya kichupa cha mofini

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Hatujambo sote, ila mimi sijalala vizuri tangu uliponipigia simu Jumapili. Ulilitaja jambo lenyewe katikati ya habari za baridi, kana kwamba ni dogo: kwamba mgonjwa alipewa miligramu 5 za mofini, ile dawa kali ya maumivu, 5 zilizobaki katika kichupa ukazimwaga ukiwa peke yako nyuma ya gari la wagonjwa, na mlipofika kituoni mwenzako akatia sahihi ya shahidi ilhali hakuona kitu. Kwamba mgonjwa yu salama na hakuna dawa iliyoibwa, nakuamini. Lakini sahihi ile ni ya uongo, nawe unajua.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinifungulia katika simu yake daftari la HCPC, baraza linalosimamia taaluma yenu huko Uingereza, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma. Nililiona jina lako, na nambari inayoanza na PA, nikaligusa kwa kidole mpaka likaniponyoka kwenye kioo. Nikaelezwa kwamba asiyekuwamo humo akijiita paramediki, yaani mhudumu wa dharura kama wewe, anatenda kosa la jinai. Shahada yako hakuna atakayekunyang'anya, lakini jina la kazi unaloitwa liko mikononi mwa daftari hilo.

Uliniuliza nani atajua. Mwanangu, viwango vya maadili vya baraza lenu ni 10: cha 8 kinawataka muwe wazi mambo yanapoharibika, cha 9 muwe waaminifu, na cha 10 mtunze kumbukumbu za kazi. Jambo lako moja limegusa vyote vitatu. Wanaosikiliza mashauri wanaweza kutoa onyo, kuweka masharti, kumsimamisha mtu hadi mwaka 1 au kumfuta kabisa, na aliyefutwa hawezi kuomba kurudi kabla ya miaka 5 kupita. Nao humpima kwa namna nyingine aliyekiri mapema kwa hiari yake. Mwambie msimamizi wako kabla hajakuuliza. Mwenzako naye umtangulie, ajue kwamba utasema, asije akaona umemgeuka.

Nilitaka kukuandikia kwamba hukulelewa hivi, nikaiweka kalamu chini. Mwaka 1994, mashine ya presha ya zahanati tuliyokuwa ilipoharibika, kadi za wajawazito ziliendelea kujazwa 120/80, presha ya mtu mzima wa afya, kwa wiki 3, kwa mwandiko ambao ungeutambua. Mmoja wao alirejea uso na miguu vimemvimba. Yeye alipona. Mganga mfawidhi aliuliza mara moja tu, na hakujibiwa.

Wewe una moyo kuliko niliokuwa nao mimi, na habari ya mzee yule mliyemrejeshea uhai akiwa amelala sakafuni kwake nimeisimulia mtaa mzima. Ndiyo maana nakerwa kusikia ukisema ile ni sahihi ya karatasini tu.

Mwezi huu usitume fedha za mabati. Tundu la jikoni bado linatosha ndoo moja, na mnazi ulioangukia bafu baba yako mdogo ameshaukata. Mbuzi amezaa mapacha. Fedha hizo zilipie ada ya usajili, kwa kuwa huu ni mwaka wa kuhuisha na mwisho ni tarehe 31 Agosti. Tamko utakalolithibitisha linasema kwamba bado unatimiza viwango vyao, nami sitaki ulithibitishe jambo hili likiwa bado tumboni mwako. Dada yako anauliza kama lile koti la zamani bado unalo, kwa maana anakwenda Lushoto.

Zamu yako ya usiku inaisha Alhamisi asubuhi, na umeniambia msimamizi huingia saa 1. Usiondoke kwenda kulala kabla hujamwona. Nitakaa na simu mkononi, hata kama utakuwa na neno moja tu la kuniambia.

Wakatabahu,
Mama yako